Nani Alipie Somo la Rangi na Kabila?

Muhula uliopita, katika darasa la Historia ya Kanisa, tulifika kwenye habari ya Wayesuiti wa Maryland, Marekani. Mwaka 1838 mkuu wa kanda yao, Padre Thomas Mulledy, aliuza watu 272: wanaume, wanawake, watoto na wazee waliokuwa watumwa katika mashamba ya shirika. Waliuzwa kwa dola 115,000, wakapakiwa melini na kupelekwa Louisiana, kusini kabisa, ambako kazi ya mtumwa ilikuwa ngumu kuliko walikotoka. Wengi wao walikuwa Wakatoliki, waliobatizwa na mapadre walewale waliowauza.

Darasa lilinyamaza. Kisha frateri mmoja wa mwaka wa pili akanyoosha mkono na kuuliza jambo ambalo mwalimu hakulitegemea: "Padre, zile hela zilifanya nini?"

Baadhi yetu tulicheka, maana lilisikika kama swali la mhasibu. Jibu lake lilitunyamazisha tena. Sehemu ya malipo ya kwanza ililipa madeni ya Chuo cha Georgetown kule Washington, na kiasi kikubwa cha fedha zilizobaki kilitengwa kwa ajili ya malezi ya Wayesuiti vijana. Yaani mafrateri. Watu kama sisi, waliokuwa wakisoma Kilatini na teolojia na kupewa uji asubuhi. Mkuu wa Shirika kule Roma, Padre Jan Roothaan, alikuwa ametoa ruhusa ya mauzo hayo kwa masharti: familia zisitenganishwe, watu hao waachwe washike dini yao, na fedha zisilipe madeni. Familia zilitenganishwa. Madeni yalilipwa.

Tangu siku hiyo, sisi tunaoandika safu hii tumekuwa tukibishana juu ya hela. Katika vyuo vya Marekani, na polepole katika vyuo vya huku kwetu, watu wanajadili kama yafaa kuwa na kozi kuhusu rangi na kabila, na nini kifundishwe. Mjadala huo ni mzuri. Lakini tunaona kwamba swali la frateri yule linatangulia: nani analipa, na analipa kutoka mfuko upi? Chuo kinaweza kusema mengi juu ya ubaguzi katika mahubiri na katika matamko. Ukitaka kujua kinaamini nini, fungua bajeti yake.

Tuanze na Georgetown yenyewe, kwa kuwa imejitahidi kuliko wengi na haki yake tuipe. Novemba 2015 wanafunzi waliketi mlangoni pa ofisi ya rais wa chuo wakitaka jina la Mulledy liondolewe kwenye jengo lao. Likaondolewa. Mwaka 2017 jengo hilo likapewa jina la Isaac Hawkins, ambaye ndiye wa kwanza katika orodha ya waliouzwa. Jengo la jirani likapewa jina la Anne Marie Becraft, mwanamke mweusi aliyefungua shule ya wasichana weusi mtaani hapo na baadaye akawa mtawa. Kukawa na ibada ya toba, na Wayesuiti wakaomba msamaha mbele ya wajukuu na vitukuu wa watu wale.

Hayo yote yaliandikwa sana magazetini. Lililoandikwa kidogo ni kwamba mwaka 2016 chuo kiliyapandisha Masomo ya Wamarekani Weusi kutoka programu kuwa idara kamili. Msomaji asiyefanya kazi chuoni anaweza kuona hilo ni jambo la makaratasi tu. Silo. Programu huazima walimu: mmoja kutoka historia, mwingine kutoka fasihi, na siku idara zao zikiwahitaji, wanarudi. Programu haiajiri mtu, na kila mwaka lazima ijieleze upya kwa nini ipo. Idara ina walimu wake wenye ajira ya kudumu, ina fungu lake katika bajeti, ina mitihani yake na wahitimu wake. Ukitaka kuifuta idara lazima uitishe kikao, usimame mbele ya watu na kusema sababu. Programu hufa yenyewe kimyakimya, mwaka ambao hakuna aliyeikumbuka.

Kuna jambo jingine lililotokea palepale ambalo tunalisimulia mara kwa mara mezani. Aprili 2019 wanafunzi wa shahada ya kwanza walipiga kura kama kila mmoja wao aongezewe dola 27.20 kwenye ada ya kila muhula, kwa ajili ya vizazi vya wale 272. Theluthi mbili walisema ndiyo. Vijana walijitoza wenyewe! Uongozi wa chuo haukuifanya kuwa ada; uliahidi badala yake kutafuta dola 400,000 kila mwaka kwa njia ya michango, kwa miradi ya jamii hizo. Kiasi ni karibu kilekile, na hatusemi kwamba uongozi ulikuwa na nia mbaya. Lakini ada na mchango ni vitu viwili. Ada hulipwa hata mwaka ambao watu wamechoka na habari hiyo. Mchango huombwa.

Fedha ya kuombwa ina historia ndefu katika masomo haya. Novemba 1968 wanafunzi wa Chuo cha Serikali cha San Francisco waligoma, weusi kwanza, kisha wenye asili ya Mexico, China, Ufilipino, Japani na wenyeji wa asili wa Amerika. Mgomo ulidumu miezi minne na nusu, polisi wakaingia chuoni, mamia wakakamatwa. Tunapousoma leo tunashangaa jinsi madai yao yalivyokuwa ya kibajeti. Pamoja na kudai kuheshimiwa, walidai nafasi za walimu wa kudumu, wakataja hata idadi. Machi 1969 walipata skuli nzima ya masomo hayo ndani ya chuo, na ipo mpaka leo.

Wakati huohuo, kwingineko Marekani, wakfu wa Ford ulianza kutoa ruzuku kwa vyuo vilivyotaka kufungua masomo ya watu weusi. Ruzuku hizo zilifanya mema. Bila hizo baadhi ya walimu bora wasingepata pa kusimama. Lakini ruzuku ni ya miaka michache. Katika miaka ya sabini, ilipokwisha na uchumi ukayumba, programu nyingi zilipunguzwa au kufungwa, na wakuu wa vyuo wangeweza kusema bila kuona haya kwamba hawakufuta kitu chao, ni mfadhili tu aliyemaliza muda wake. Hapo ndipo penye ubaya wa mpango huo. Unampa mkuu wa chuo nafasi ya kukubali bila kugharimika, na baadaye kukataa bila kuonekana.

Kanisa lina mfano wake mwenyewe wa jambo hili, tena wa mtakatifu. Katharine Drexel alikuwa binti wa mfanyabiashara tajiri wa benki kule Philadelphia. Aliacha yote, akaanzisha shirika la Masista wa Sakramenti Takatifu, na akatumia mapato ya urithi wake, yanayokadiriwa kuwa kama dola milioni 20, kuwajengea shule watu weusi na wenyeji wa asili. Mwaka 1915 alinunua majengo huko New Orleans na kufungua shule, ambayo mwaka 1925 ikawa chuo kikuu cha Xavier, hadi leo chuo kikuu pekee cha Kikatoliki nchini Marekani kilichoanzishwa kwa ajili ya watu weusi. Lakini wosia wa baba yake ulikuwa umeandikwa kabla shirika halijakuwapo. Ulisema kwamba binti zake wakifariki bila watoto, mali iende kwa taasisi zilizotajwa katika wosia. Mtawa hana watoto. Mama Katharine alipofariki mwaka 1955, mapato yale yakakoma na masista hawakurithi hata senti. Utakatifu wake haukuweza kubadilisha kifungu cha wosia.

Xavier haikufa, kwa sababu ilikuwa tayari na wanafunzi wake, ada zake, walimu wake, na watu wa New Orleans walioiona ni yao. Mwaka 1980 ikafungua Taasisi ya Masomo ya Wakatoliki Weusi, ambamo mapadre, watawa na walei husoma teolojia kwa majuma machache kila kiangazi. Hapo ndipo alipofundisha Sista Thea Bowman, ambaye sasa ni Mtumishi wa Mungu, na Padre Cyprian Davis, Mbenediktini aliyeandika historia ya Wakatoliki weusi wa Marekani. Mpango wenyewe si wa gharama kubwa: madarasa yaliyopo tayari, kipindi ambacho wanafunzi wengine wamekwenda likizo, na wanafunzi ambao wengi wao majimbo au mashirika yao yanaweza kuwalipia. Tunauona ni mfano wa karibu na hali yetu kuliko Georgetown na mabilioni yake.

Atakayesema kwamba haya ni ya zamani, atazame California. Mwaka 2020 jimbo hilo lilipitisha sheria kwamba kila mwanafunzi wa vyuo vyake vikuu vya California State lazima apate kozi moja ya masomo ya makabila na rangi kabla ya kuhitimu. Kozi ikawa sehemu ya shahada, hivyo chuo lazima kiwe na mwalimu wake, kama kilivyo na mwalimu wa hesabu. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria nyingine, ya shule za sekondari, nayo ikisifiwa sana. Ndani yake kulikuwa na kifungu kidogo: sharti litaanza kufanya kazi pale tu bunge litakapotenga fedha. Mwaka 2025, shule zilipotakiwa kuanza, fedha hazikutengwa. Sheria ipo, imetiwa sahihi, haimlazimishi mtu yeyote. Mwaka huohuo wa 2025, mwezi Aprili, shirika la serikali kuu ya Marekani linalofadhili masomo ya historia, falsafa na fasihi lilifuta kwa barua ruzuku zaidi ya 1,000 ambazo lilikuwa limekwisha kuziahidi. Walimu waliokuwa katikati ya kazi walijulishwa kwamba miradi yao haiendani tena na vipaumbele vya serikali. Aliyelipa aliacha kulipa, ikawa basi.

Tunajua jibu la baadhi ya wasomaji wetu, maana tumelisikia kutoka kwa walezi tunaowaheshimu. Wanasema kozi hizi huwagawa watu; kwamba mbele ya altare hakuna Mhaya wala Mchaga, na kumfundisha frateri habari za makabila ni kumkumbusha alichokwisha kusahau. Tunakubali kwamba kozi mbovu zipo. Tumesoma mihtasari ya baadhi ya kozi za ng'ambo ambazo ni manung'uniko tu, bila historia wala hoja. Lakini kozi mbovu hurekebishwa na yule anayeilipia. Kozi iliyo ndani ya mtaala ina mkuu wa masomo anayeikagua, ina mtahini wa nje, ina walimu wenzake wanaoweza kumwambia mhusika, "Ndugu, hapa umekosea." Kozi ya mfadhili inamjibu mfadhili.

Na hilo la kusahau, hatuamini. Augustus Tolton alizaliwa mtumwa huko Missouri mwaka 1854, akabatizwa Mkatoliki, na mama yake akamvusha mto Mississippi pamoja na ndugu zake kuikimbilia Illinois. Alipotaka upadre, hakuna seminari hata moja ya Marekani iliyompokea. Hakuna. Ikabidi aende Roma, kwenye Chuo cha Urbaniana cha Propaganda Fide, ambacho walimu wetu kadhaa wanakifahamu vizuri kwa kuwa walisoma huko, na mwaka 1886 akapewa daraja katika Basilika la Laterano. Maprofesa wa seminari zilizomkataa walijua teolojia. Walijua kwamba Sakramenti ya Daraja haina rangi. Walichokosa si fundisho hilo. Walikosa mtu wa kuwaonyesha, darasani na kwa mtihani, jinsi desturi za mtaani zinavyopanda ngazi na kuketi kwenye kikao cha maprofesa.

Huku kwetu, wenzetu Rwanda wanatuonyesha jambo la kutisha zaidi: kwamba somo la rangi na kabila lilikwisha kufundishwa zamani, na lilikuwa na bajeti. Kwamba Watutsi ni "Wahamiti", watu wa mbari nyingine waliotoka mbali kuja kutawala, ni nadharia ya wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 kama John Speke. Iliingia katika shule za misioni na kusomwa kama jografia. Shule ya Astrida, iliyofunguliwa wakati wa Wabelgiji na kuendeshwa na mabruda kwa msaada wa serikali ya kikoloni, iliwapendelea watoto wa Kitutsi katika kuandaa makarani na watawala. Baadaye mizani iligeuzwa upande wa pili. Mwaka 1994 Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ilifunguliwa Roma tarehe 10 Aprili, siku chache baada ya mauaji kuanza, na watu walikuwa wakiuawa ndani ya makanisa walimokimbilia. Novemba 2016 maaskofu wa Rwanda waliomba msamaha kwa ajili ya waamini walioshiriki, na Machi 2017 Papa Francisko naye aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na wanakanisa wake, wakiwemo mapadre na watawa. Somo baya lilipewa majengo, walimu wa kudumu na vitabu kwa miaka mingi. La kulisahihisha tunalipa siku tatu.

Ndiyo, siku tatu. Miaka michache iliyopita nyumba moja ya malezi, ambayo baadhi yetu tulipitia, ilipata mfadhili wa semina juu ya ukabila na maridhiano. Mwezeshaji alikuja, tukagawanywa katika vikundi, tukaandika kwenye karatasi kubwa za ukutani, tukapewa fulana. Siku ya mwisho frateri mmoja alisimama na kusema kwamba katika mwaka wake, bwenini, watu hukaa kwa lugha, na kwamba wanapochagua viongozi wa darasa anajua matokeo kabla ya kura. Ukumbi ulichangamka. Hapo ndipo kazi ilipaswa kuanza. Lakini mwezeshaji alikuwa na gari la saa nane, na ripoti ya mfadhili ilikwisha kuandikwa. Mwaka uliofuata mfadhili alihamia kwenye mazingira, tukapanda miti. Fulana bado tunazivaa shambani.

Frateri yule sasa ni padre. Wengi wetu tutapangiwa parokia ambako swali la kwanza la waamini, kabla hata hatujafungua mizigo, litakuwa, "Huyu ni wa wapi?" Padre ambaye hakuwahi kulifikiria swali hilo kwa utaratibu atalijibu kwa hasira, au kwa kuwatafuta wa kwao na kuwashika mkono. Kule Nigeria, katika jimbo la Ahiara, Askofu Peter Okpaleke aliyeteuliwa mwaka 2012 alikataliwa na sehemu kubwa ya mapadre na waamini kwa kuwa hakuwa mwenyeji wa eneo lile. Naye ni Mwigbo kama wao! Alijiuzulu mwaka 2018 bila kuliongoza jimbo hilo hata siku moja kwa amani. Mapadre waliomkataa walikuwa wamemaliza falsafa na teolojia yote.

Tunachopendekeza kwa nyumba yetu ni kidogo. Kozi moja ya saa mbili kwa wiki, muhula mmoja, mwaka wa kwanza wa teolojia, yenye mtihani na alama zinazohesabiwa. Ndani yake iwemo historia ya Bagamoyo, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868 na kuwaweka watumwa waliokombolewa; iwemo Rwanda, Maryland na Tolton; na iwemo nafasi ya kuandika juu ya parokia ya mwanafunzi mwenyewe. Mwalimu awe wa hapa, alipwe kama anavyolipwa mwalimu wa Sheria za Kanisa, kutoka fungu lilelile.

Tumeambiwa fedha hakuna. Tunajua hali ya nyumba: bei ya mahindi tunaijua, dizeli ya jenereta tunaijua, na tunajua pia kwamba seminari nyingi za huku hutegemea sana msaada wa Shirika la Kipapa la Mtakatifu Petro Mtume. Hatukatai wafadhili. Akitokea wa kutununulia vitabu, au basi la kwenda Bagamoyo, apokelewe kwa shukrani na apigwe picha. Tunachokataa ni mshahara wa mwalimu kutoka kwake. Fungu la wageni na mahafali lingetosha kumlipa mwalimu wa saa mbili kwa wiki. Tumekaa na ndugu mmoja anayesaidia ofisi ya uhasibu tukapiga hesabu. Mahafali yatakuwa na wali na maharage. Baba Askofu, tukimfahamu vizuri, hatalalamika.

Kikao cha bajeti ni mwezi wa sita. Tumekwisha kumwandikia Padre Gombera, na hesabu yenyewe tumeiambatisha.